Mbuzi Wasiohesabiwa

Walimpiga kwa mipini ya majembe yaliyokuwa yametoka tu kuchimba kaburi la kaka yangu. Udongo mwekundu ulikuwa bado umeshika kwenye vyuma, na kila walipoinua jembe ulimwagika juu ya vichwa vyao wenyewe. Baba mdogo ndiye aliyeanza. Pigo la kwanza lilimpata mkononi, nikasikia mfupa ukivunjika, sauti kama ya kuni kavu. Mtu yule alianguka katikati ya viti vya plastiki vya kanisa.

"Huyu ndiye alimuuza," baba mdogo alisema. Hakupaza sauti. Alisema kama mtu anayemwonyesha mgeni njia.

Kisha wengine wakaingia, na sikuona tena mtu, niliona migongo tu.

Aliyekuwa chini alikuwa mfanyabiashara wa mifugo, Msomali kutoka kaskazini mashariki. Alikuwa na duka la ngozi na dawa za mifugo pale soko la Zombe tangu mimi nikiwa darasa la pili. Alinunua mbuzi kwa watu wetu, akawapakia kwenye lori hadi Malili, na huko wanunuzi wa Nairobi waliwachukua. Kikamba alikijua kuliko vijana wengine wa kwetu. Mama yangu yeye alimwita "mwaitu", yaani mama yetu, vile sisi watoto tunavyomwita, ingawa wawili hao walikuwa karibu rika moja.

"Mwaitu," angesema akiingia uani, "mbuzi zangu naona umezinyima nyasi."

"Mbuzi wamenenepa. Wewe ndiye umekonda. Nikufungie na wewe zizini?"

"Ukinifungia utanikamua nini?"

"Maneno. Hayo unayo mengi."

Ndivyo walivyokuwa. Mama alimpa chai, naye alikaa kwenye kinu kilichopinduliwa akawatazama mbuzi wake wakirudi nami kutoka malishoni.

Kwetu mtu mwenye mifugo haweki wote nyumbani kwake. Ukame ukishika upande mmoja, au ugonjwa, au wezi, atabaki bila kitu. Kwa hiyo anawaweka wengine kwa familia anayoiamini, mbali kidogo. Familia ile inawachunga, inakunywa maziwa, na mara kwa mara inapewa mtoto wa mbuzi. Wazee wetu walifanya hivyo kabla ya sisi, na yule mfanyabiashara alipoona faida yake akafanya vilevile. Aliweka mbuzi kwetu, na kwa nyumba nyingine, hadi upande wa Matinyani.

Kazi hiyo ina mambo mawili ambayo kila mtoto anayajua bila kufundishwa. La kwanza, mgeni akiuliza mifugo ni ya nani, unasema ni yetu. Mwenyewe amewatawanya ili watu wasijue alicho nacho, na ukimtaja umeharibu. La pili, huwahesabu kwa mdomo. Mnyama aliyehesabiwa hufa, na mtoto pia. Jioni nilisimama mlangoni pa zizi nikawatazama tu, na kama mmoja hayupo nilijua, vile ulimi unavyojua pengo la jino.

Kaka yangu alikuwa fundi wa mawe. Kazi ilipokosekana kwetu, mfanyabiashara yule ndiye aliyempatia kazi katika mji mmoja wa kaskazini, mahali shemeji yake alipokuwa mlinzi wa shule iliyokuwa ikijengwa. Kaka alikwenda akiwa na furaha. Alinunua viatu vipya na akaviacha nyumbani, akisema atavivaa akirudi, huko ni vumbi tu.

Watu wenye bunduki walikuja asubuhi, mafundi wakinawa uso. Walimuua kwanza yule mlinzi pale langoni, mtu aliyeswali kama wao walivyodai kuswali. Kisha wakawatoa mafundi nje wakawalaza chini kwa mstari. Mmoja aliyejificha nyuma ya magunia ya saruji ndiye aliyetuletea habari. Alisema kaka yangu alilala akiwa bado ameshika mswaki. Alisema walipiga risasi bila haraka, na mmoja wao alikuwa na kikohozi, akawa anasimama kukohoa kisha anaendelea.

Nimekifikiria sana kikohozi hicho. Watu wanaposema gaidi, mimi nasikia mtu akikohoa.

Siku ya mazishi mheshimiwa mmoja alikuja na magari. Alipewa kipaza sauti kabla ya mchungaji. Alisema pole kwa familia, kisha akasema, "Hawa watu wanaishi kati yetu. Wanakula na sisi, wanafanya biashara na sisi. Serikali iko macho. Na nyinyi muwe macho." Akaondoka kabla jeneza halijateremshwa, maana alikuwa na mazishi mengine.

Hakutaja mtu. Lakini vichwa viligeuka nyuma, mmoja baada ya mwingine, hadi pale mfanyabiashara alipokuwa amekaa. Alikuwa ameleta fahali kwa ajili ya wageni, akamfunga kwenye nguzo ya ua. Alikuwa amemwambia mama asubuhi hiyo kwamba shemeji yake naye wamemzika, na dada yake amebaki na watoto wadogo. Mama ndiye aliyemwambia akae.

Tuliimba, tukafunika kaburi. Wanaume walipomaliza kupiga udongo hawakuyaweka majembe chini.

Mama alikuwa amekaa kando ya kaburi, miguu ameinyoosha. Alinyanyuka polepole akapita katikati yao wakipiga, hata jembe moja likamgusa bega. Akaketi chini karibu na yule mtu, akanyoosha tena miguu, akavua leso yake akamfunika nayo kichwa.

"Kaburi ni moja," alisema. "Mkitaka la pili, mchimbe kwenu."

Waliacha. Sijui kama ni aibu au ni kuchoka. Jicho moja la yule mtu lilikuwa limefumba kwa uvimbe na damu ilikuwa ikitoka sikioni. Polisi walifika na gari, wakamtupa nyuma kwa ule mkono uliovunjika. Hawakumwuliza mtu yeyote ni nani aliyempiga. Majembe yalikuwa pale, yakiwa na damu.

Mchana huohuo duka lake lilichomwa. Ngozi za mbuzi ziliungua, na harufu ile ilikaa sokoni muda mrefu, kama nyama iliyosahauliwa jikoni. Mwanamke aliyeuza mboga kando ya duka alihamisha meza yake, kisha akairudisha, maana mahali pale palikuwa pazuri kwa wateja.

Maafisa walikuja kwetu alfajiri moja baadaye. Mlango haukuwa umefungwa, lakini walioupiga teke hawakujaribu kuusukuma kwanza. Mbwa wetu alibweka mara moja, wakampiga risasi. Baba mdogo, ambaye nyumba yake iko ndani ya ua wetu, alitoka mbio na tochi. Walimwangusha kwa kitako cha bunduki, wakamlaza kifudifudi, na mmoja akamkanyaga shingo.

"Mimi niko upande wenu," baba mdogo alisema mdomo ukiwa kwenye mchanga.

"Nyamaza."

"Mimi ndiye nilimpiga huyo mtu."

"Nimesema nyamaza." Akampiga teke ubavuni, kisha jingine.

Mkubwa wao alikuwa na simu ya mfanyabiashara. Alimtoa mama nje akiwa na nguo ya kulalia.

"Huyu mtu anakutumia pesa. Ya nini?"

Alimsogezea mama simu usoni.

"Ameandika, 'Nunua dawa ya mbuzi zangu.' Zangu. Mbuzi zake ziko wapi?"

"Hapa ni mbuzi zetu."

"Zote?"

"Zetu."

"Ni ngapi?"

"Hatuhesabu."

Alimpiga kofi. Si kofi la hasira, kofi la kazi, kama anavyopiga mtu redio isiyoshika. "Hujui mbuzi zako mwenyewe?"

"Nazijua. Sihesabu."

Akanigeukia. "Wewe msichana. Ngapi?"

Mimi mbele ya wageni sauti yangu hupotea. Imekuwa hivyo tangu shuleni, na nilimaliza darasa la nane bila mwalimu kuisikia vizuri. Nilitazama viatu vyake. Alinishika nywele akaniinua uso, lakini hata hivyo hapakutoka kitu. Mmoja wao aliingia zizini kuhesabu mwenyewe. Mbuzi walipomruka kutoka nje akakasirika, akafyatua. Aliyepigwa alikuwa jike mweupe mwenye mimba. Alikimbia hatua chache kama hajaambiwa kwamba amekufa, kisha akapiga magoti.

Waliandika maneno ya mama, mbuzi ni wetu na idadi haijui, wakamshika kidole gumba wakakibonyeza kwenye karatasi.

Walipoondoka baba mdogo aliketi akiegemea ukuta, akishika mbavu. Mama alimletea maji ya moto na chumvi, akamkanda. Nilimchuna yule jike peke yangu. Watoto wake walikuwa wawili ndani. Hapo nimehesabu, lakini walikuwa wameshakufa.

Muda ulipita, kisha akaja wakili, msichana si mkubwa sana kuliko mimi, wa kundi linalowatetea watu wasio na uwezo. Alikaa kwenye kinu kile kile. Alitueleza taratibu, na mimi nilielewa zaidi ya nilivyotarajia. Sheria ya ugaidi, alisema, inawaruhusu polisi kumwomba hakimu wamshike mtu wakiendelea kumchunguza. Walikuwa wameomba, wakapewa, wakaomba tena. Bunduki hawajaipata, wala baruti, wala mtu aliyemsikia akisema neno baya. Walicho nacho ni pesa alizotuma kwa simu kwa nyumba nyingi za mashambani.

"Yeye anasema ni za kutunza mbuzi," wakili alisema. "Nimetembelea nyumba zote. Kila nyumba imewaambia polisi mbuzi ni zetu. Kila nyumba imesema hatujui ni ngapi. Maneno yale yale, vijiji tofauti. Mnajua hiyo inafanana na nini?"

Alifungua ukurasa mwingine wa daftari lake.

"Inafanana na watu waliofundishwa nini cha kusema."

"Tulifundishwa," mama alisema. "Na mama zetu."

Wakili aliweka kalamu chini. Nadhani hapo ndipo alipoelewa, na nadhani pia aliogopa, kwa sababu alikuwa ameelewa kitu ambacho hakiingii vizuri kwenye karatasi. Akasema wale wengine wote wamekataa kufika mbele ya hakimu. Wanaogopa wataitwa magaidi. Amebaki mama. Kama mama, aliyezika mtoto aliyeuawa na magaidi, atasema mbuzi ni wa huyo mtu na aeleze kazi hiyo, hakimu atasikia. Lakini lazima aseme ni wangapi. Mfanyabiashara ameshataja idadi yake. Zikilingana, pesa zitakuwa zimepata maelezo.

Baba mdogo alikuwa amesimama mlangoni. "Utasimama kortini kumtetea gaidi," alimwambia mama, "na udongo wa mtoto wako bado haujakauka?"

"Aliyemuua mwanangu simjui," mama alisema. "Huyu namjua."

"Ndiye alimpeleka huko."

"Njaa ndiyo ilimpeleka. Tulikuwa nayo hapa sote, na wewe."

Siku ya mahakama walimleta mfanyabiashara akiwa amefungwa pingu. Mkono uliovunjika ulikuwa umepona vibaya, umepinda kama tawi. Jicho lile halikuwa linafunguka. Alikuwa hana meno ya mbele, na hayo hayakung'oka mazishini kwetu, maana nilimwona walipomtupa kwenye gari, alikuwa nayo. Alimtazama mama, akainamisha kichwa kidogo.

Kiongozi wa mashtaka alikuwa mtu mpole wa sauti. "Mama, pole kwa msiba. Uliwaambia maafisa mbuzi ni wako?"

"Ndiyo."

"Leo unasema ni wa mshtakiwa. Siku ile ulidanganya?"

"Sikudanganya. Mbuzi aliye kwangu ni wangu mpaka mwenyewe aje."

Watu wawili watatu walicheka. Hakimu akawatazama, wakaacha.

"Sawa. Ni wangapi?"

Mama alishika ubao wa kizimba.

"Mama, jibu swali," hakimu alisema, na hakusema vibaya.

"Chakula cha msaada kilipokuja," mama alisema, "waliniuliza nina watoto wangapi. Mbele ya watu. Nikajua nikinyamaza watalala njaa, nikataja. Chakula nilipewa." Akaninyooshea kidole mimi niliyekaa nyuma. "Mnaona waliobaki. Niulizeni kitu kingine."

Hilo sikuwa nalijua. Nilikumbuka gunia lile la mahindi, na kaka akilibeba kichwani akicheza nalo njiani.

Hakimu aliandika kitu. Kiongozi wa mashtaka alisema shahidi ameshindwa kuthibitisha. Wakili alisimama akasema kuna msichana anayewachunga mbuzi hao, yupo hapa ndani, naye alikuwapo maafisa walipokuja. Mama aligeuka akanitazama. Macho yake yalisema nisiende. Ya mfanyabiashara hayakusema kitu, lile moja lililobaki lilikuwa linatazama sakafu.

Nilikwenda. Niliapa. Wakili aliniuliza alama ya mbuzi wake, nikasema sikio la kushoto limepasuliwa, yeye mwenyewe huwapasua. Akaniuliza kama ninawajua wote.

"Paza sauti," hakimu alisema.

"Nawajua."

"Wenye alama hiyo ni wangapi?"

Nilimfikiria yule jike mweupe. Nikauliza, "Pamoja na aliyepigwa risasi?"

Kiongozi wa mashtaka aliinua kichwa. Hakimu akasema, "Pamoja naye."

Nikataja idadi. Hapa sitaiandika. Ilitoka kwa sauti ambayo sikujua ninayo, ikagonga ukuta wa nyuma na kurudi. Ilikuwa ileile aliyoitaja mfanyabiashara. Nilimwona mama akijifunika uso na leso.

Baada ya kusoma maandishi yake, hakimu alisema haoni sababu ya kuendelea kumshika. Aende nyumbani, awe anaripoti polisi kila juma mpaka uchunguzi uishe. Walimfungua pingu. Alisugua kifundo cha mkono akatabasamu kwa pengo, akamwambia mama, "Mwaitu, sasa umeona nilivyokonda."

"Nimeona," mama alisema. "Twende ukanywe chai."

Tulitoka naye. Baba mdogo alikuwa nje, amekuja kuona mfanyabiashara akifungwa. Alipotuona akageukia upande mwingine, mikono mfukoni.

Gari lilikuwa limesimama ng'ambo ya lango, jeupe, bila nambari. Watu wanne waliruka, nyuso zimefunikwa, wenye nguo za kawaida. Mmoja alimkaba mfanyabiashara shingo kwa nyuma. Alipojaribu kujishika kwenye lango walimpiga mkono ule uliopinda kwa chuma, na nilisikia tena sauti ile ya kuni. Mama alishika shati lake. Hakuliachilia. Walimpiga kitako cha bastola usoni, akabaki na kipande cha shati mkononi, amekaa chini, damu ikitoka puani hadi kwenye leso. Wakili alikuwa anapiga kelele akiinua karatasi ya hakimu juu, anawaonyesha, kama mtu anayeonyesha ng'ombe maandishi. Mlango ulifungwa. Gari likaondoka bila hata kukimbia sana.

Askari wa lango alitazama upande wa barabara. Baba mdogo alikuwa amekaribia, mikono imetoka mfukoni.

"Si wamesema aende nyumbani?" aliuliza. Hakuwa anamwuliza mtu. "Si hakimu amesema?"



Wakili alimtafuta kila kituo. Kila mahali walisema hayuko kwao na hawakumchukua. Alirudi mahakamani, hakimu akaamuru aletwe, na amri hiyo ipo, imeandikwa vizuri. Nimejifunza kwamba watu waliomuua kaka yangu walikuja wamefunika nyuso, na waliokuja kwa sababu yao nao walikuja wamefunika nyuso. Kati ya hao na hao sikuona tofauti barabarani. Wapo watakaonieleza tofauti, na nitawasikiliza.

Mama hakunilaumu kwa ile idadi. Ingekuwa rahisi kama angenilaumu. Pua yake ilipona ikiwa imeinama upande mmoja. Kwa muda mrefu alisema nami mambo ya kazi tu, maji, kuni, chumvi ya mbuzi. Dawa ilipoisha, aliuza kuku akanunua nyingine. Baba mdogo alikata matawi ya miiba akarekebisha ua wa zizi pale mbuzi walipobomoa siku ile ya risasi. Alifanya hivyo sisi tukiwa kisimani, na hatukumwuliza.

Mke wa mfanyabiashara alisafiri kutoka kaskazini kuja kutuona. Mama alimwambia mbuzi ni wao, awachukue. Yule mwanamke alisimama mlangoni pa zizi akiwatazama kwa muda.

"Waache hapa," alisema. "Akirudi ataanza kuwatafuta hapa."

Mvua zilikuja nzuri mwaka huo. Majike wakazaa, wengine pacha. Watoto masikio yao ni mazima, kwa sababu anayewatia alama hayupo na hakuna mwingine anayeruhusiwa. Jioni moja nilikuwa nimesimama mlangoni pa zizi ninawatazama wakiingia, mama akaja akasimama kando yangu. Walisukumana, wadogo wakipita chini ya matumbo ya wakubwa. Zizi lilikuwa limejaa hadi kwenye miiba.

"Akirudi leo," mama alisema, "kwa ile idadi yako utakuwa ulidanganya mahakama."

Nilimtazama. Alikuwa anatazama mbuzi, na upande wa uso wake ambao haukuumia ulikuwa karibu kucheka.

"Sana," nikasema.

Akafunga lango, akarudi kupika.